Baiskeli ya kulala, mlima na mvua: dalili, chanzo na dawa yake

Baiskeli ninayoizungumzia ni ile ambayo mwendeshaji anaegemea kwenye siti kama yuko kwenye kiti cha uvivu, miguu imetangulia, pedeli ziko mbele ya tairi la mbele. Huku Lushoto, kwenye milima ya Usambara, watoto wanaiita baiskeli ya kulala, na mimi nimeacha kuwasahihisha. Yangu niliinunua kwa msafiri aliyeishiwa nguvu kabla ya kuishiwa barabara. Ina magurudumu mawili, la nyuma inchi 26 na la mbele inchi 20, na cheni inavuta la nyuma. Nimeipanda misimu mitatu ya masika, kwenye lami ya kutoka Mombo na kwenye njia za udongo mwekundu kuelekea Magamba. Karibu kila ugonjwa ulioandikwa hapa umenikuta mwenyewe.

Kabla hujashika spana, kuna jambo la kuelewa. Kwenye baiskeli ya kawaida mlima ukikaza unanyanyuka, unasimama juu ya pedeli, uzito wa mwili unafanya kazi. Tairi la nyuma likiteleza unarudisha kiuno nyuma, la mbele likielea unainama. Kwenye baiskeli ya kulala hayo yote huna. Umekaa, na utabaki umekaa. Kile ambacho wenzako wanakirekebisha kwa kiuno palepale utelezi unapotokea, wewe ulitakiwa uwe umekimaliza mita ishirini kabla, kwa gia, kwa upepo wa tairi na kwa upande wa njia uliouchagua. Ndiyo maana mashine hii inasingiziwa mengi mvua ikianza. Nimewahi kufungua gurudumu zima kutafuta ubovu, kumbe kosa lilikuwa gia niliyochelewa kuibadilisha.

Tairi la nyuma linazunguka, baiskeli haiendi

Sikiliza kwanza linavyozunguka. Likiteleza kwa vipindi, kila mguu unaposukuma, chanzo ni mguu wako. Unakanyaga gia nzito kwa mapigo, na kwa kuwa mgongo umepata pa kujiegemeza, pigo moja hapa lina nguvu kuliko unalopiga ukiwa umekaa kwenye baiskeli ya kawaida. Udongo uliolowa hauvumilii mapigo. Shusha gia mbili, zungusha miguu kama unayesaga unga kwa mkono: mfululizo, bila kituo.

Likizunguka moja kwa moja bila kushika kabisa, shuka uangalie tairi. Udongo mwekundu wa huku ukilowa unajibandika kiasi kwamba tairi lenye kashata (meno ya tairi) linakuwa kipara baada ya mita mia tu. Kashata zilizobanana ndizo zinazojaa haraka, zilizoachana zinatema udongo zenyewe. Kisha upepo. Tairi langu lina upana wa inchi 1.75. Kwenye lami nalijaza pauni 50, nikiacha lami na mvua imenyesha nashusha hadi 35. Nilijaribu chini ya hapo nikiwa na mzigo, rimu ikabana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukikuta pancha ya matundu mawili usihangaike kutafuta mwiba.

Mzigo uweke nyuma, chini, karibu na ekseli. Lakini kwa kiasi, kwa sababu mlima wenyewe nao unasukuma uzito nyuma, na ukizidisha, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuelea. Wenye zile baiskeli za kulala ambazo cheni inavuta tairi la mbele wana kilio tofauti: mlima unawanyima uzito mahali wanapouhitaji hasa. Wao watoe mgongo kwenye siti, wainamie mbele, na wakubali kwamba zipo njia za matope ambazo mashine yao haitazipanda.

Inayumba mlima ukikaza

Hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko spana. Gia yangu nyepesi kuliko zote ina meno 26 mbele na 34 nyuma, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli unanisogeza kama mita 1.6. Nikizungusha mara 60 kwa dakika natembea chini kidogo ya kilomita 6 kwa saa, na hapo bado nanyoosha mstari. Nikichoka nikashuka hadi mizunguko 45, ni kilomita 4 na kitu, na baiskeli inaanza kutafuta mfereji. Magurudumu mawili yanahitaji mwendo ili yasimame wima, na huku huna kiuno cha kuyasaidia.

Kwa hiyo ushauri wa "funga gia nyepesi zaidi" una mwisho wake. Gia nyepesi kupita kiasi itaokoa goti lakini itakulaza barabarani. Ukiona unashuka chini ya mwendo ule ambao wewe mwenyewe huwezi kunyoosha mstari, shuka usukume. Hakuna aibu. Shika kwa mkono mmoja sehemu ya juu ya siti, usukani uguse tu, maana ukiisukuma kwa usukani itakugonga ugoko. Wenye magurudumu matatu wao wanaweza kupanda kwa mwendo wa konokono na hata kusimama kupumzika katikati ya mlima. Kwa njia za Usambara nadhani walichagua vizuri kuliko mimi.

Kama unayumba hata ukiwa na mwendo wa kutosha, legeza mikono. Mtu anayepanda kwa shida hukaza mabega na kuvuta usukani, na usukani wa baiskeli hizi ni mwepesi, kila mvuto unakuwa kona. Mimi naushika kwa vidole viwili kila upande. Bado inayumba? Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukikwama kidogo unapofika katikati, gololi za chini za shingo ya usukani zimekazwa mno au zimechimba bakuli lake. Sehemu hiyo ndiyo tairi la mbele linayoirushia maji na mchanga safari nzima, kwa hiyo baada ya masika fungua, safisha, weka grisi mpya.

Dalili nyingine inayochanganywa na hii: kwenye kona kali unasikia kitu kimegonga na usukani umerudi ghafla. Hicho ni kisigino chako kimegusa tairi la mbele. Kona za Soni zimenifundisha kuacha kuzungusha miguu ninapoingia, mguu wa upande wa kona ukiwa mbali na tairi, na kukata kona pana barabara ikiruhusu.

Nimesimama mlimani, sasa siwezi kuondoka

Ulisimama na gia nzito. Kila mtu hufanya hivyo mara ya kwanza, kwa sababu kwenye baiskeli ya kawaida unaweza kusimama juu ya pedeli ukaondoka na gia yoyote. Huku, gia inashushwa kabla ya kusimama. Ukishasahau, nyanyua nyuma ya baiskeli, zungusha pedeli kwa mkono mpaka cheni ipande kwenye meno makubwa.

Kuondoka kwenyewe: elekeza baiskeli mshazari, usiikabili miinuko uso kwa uso. Bana breki. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli iliyo karibu kufika juu kabisa. Kandamiza mgongo kwenye siti, achia breki na usukume pigo moja refu, na mguu wa pili uingie kwenye pedeli bila kuutazama. Ukikosa pedeli mara mbili mfululizo, acha. Geuza baiskeli, anza kwa kushuka mita chache mpaka mahali penye tambarare, ugeuke hapo.

Pedeli zikilowa miguu inateleza, na kwa kuwa miguu yako inaning'inia mbele badala ya kukanyaga chini, ukiteleza mguu unaanguka barabarani. Kwenye magurudumu matatu ni hatari zaidi: mguu ukigusa chini unavutwa kwenda nyuma chini ya fremu. Kandambili usizifikirie kabisa. Mimi nilijiona mjanja, nikakata tyubu kuukuu na kufunga vitanzi vya kushikia miguu. Vilishika kweli. Siku ya tatu nikafika kwenye kalavati, kina mama wanne wamebeba kabichi wako upande wangu, nikabana breki, na miguu yote miwili ikakataa kutoka. Nilianguka taratibu kama mgomba, ubavu kwa ubavu na matope, nikiwatazama. Mmoja akatua kabichi zake ili acheke vizuri, halafu akaja kunitoa mguu. "Pole baba. Sasa si ungebaki umelala tu?" Tangu hapo natumia pedeli za chuma zenye meno na viatu vya raba ngumu. Viatu vinavyonasa kwenye pedeli ni vizuri pia, ila jifunze kuvitoa kwenye nyasi kavu kwanza, wiki nzima.

Gia zinajibadilisha zenyewe

Uko katikati ya mlima, hujagusa kitu, cheni inaruka kwenda gia nzito. Au unabonyeza, inakuja baada ya sekunde tatu. Nilibadilisha kila kitu nilichoweza kukibadilisha. Nikarekebisha skrubu, nikanyoosha kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni, na kila jua likiwaka ugonjwa unapona, mvua ikinyesha unarudi. Mwisho nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye maisha yake yote ametengeneza baiskeli za Phoenix na pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii nayo ni nini, kitanda?"

Hakugusa gia. Alipitisha kidole chini ya ganda la waya kuanzia kwenye usukani, akalifuata mpaka mahali linapolegea chini ya siti na kufanya tumbo, kabla ya kupanda tena kwenda nyuma. Akalibinya. "Maji yanalala hapa. Hata waya wa klachi wa pikipiki hufanya hivi." Alichomoa ganda, akalipuliza kwa mdomo, yakatoka matone ya rangi ya kutu.

Nyaya za baiskeli hizi ni ndefu mara mbili ya kawaida, na tumbo lolote linakuwa kisima. Maji yanaleta kutu, kutu inakwamisha waya, waya hauachii mpaka mtikisiko uuachie. Mzee alitaka kutoboa tumbo kwa msumari wa moto ili maji yatoke. Kwa ganda la breki angeweza, lakini ganda la gia ndani lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, ukilitoboa linapasuka na kupinda. Tukakubaliana kulivuta juu na kulifunga kwenye fremu kwa utepe wa tyubu, liwe na mteremko mmoja tu kuelekea kwenye mdomo ulio wazi. Tone la mafuta mepesi ndani, basi. Haijaruka tena.

Kama inaruka hata kiangazi, na inaruka unaposukuma kwa nguvu, hiyo ni cheni iliyochoka. Chukua rula. Viungo 12 kamili, kutoka pini hadi pini inayofanana nayo, vinatakiwa kuwa inchi 12, yaani milimita 304.8. Vikifika milimita 306 na ushee badilisha cheni. Vikifika 308, meno ya nyuma nayo yameshaliwa, na cheni mpya peke yake itaruka juu yake.

Cheni inalia, au inasaga

Baiskeli hii inakula cheni kama mbili na nusu za kawaida zilizounganishwa. Faida ni kwamba kila kiungo kinazunguka mara chache zaidi, kwa hiyo inachakaa polepole. Hasara utaijua siku ya kuisafisha.

Mlio mwembamba kama wa vifaranga ni ukavu: mvua imeosha mafuta. Kusaga ni mchanga. Mngurumo unaotoka chini ya siti ni kile kigurudumu kinachoongoza cheni, na huyo ndiye mgonjwa anayesahaulika, kwa sababu baiskeli za kawaida hazina. Kitoe uzungushe kwa kidole. Kikikwaruza, beringi imeingia maji. Ukikuta kinacheza kushoto kulia, hilo ni kosa jingine, na huenda cheni inatoka kwa sababu hiyo.

Baiskeli nyingi za kulala zina mipira, yaani mirija, ya plastiki ambayo cheni inapita ndani yake ili isichafue suruali. Mipira hiyo inazuia matope yasiingie na inazuia yaliyoingia yasitoke. Baada ya mvua kubwa mimi naivuta kutoka mahali pake, naining'iniza ichuruzike, na kuangalia midomo yake. Mdomo uliokatwa na cheni ukawa na makali unakwangua mafuta yote kila mzunguko. Pasha moto kidogo, utanue kama tarumbeta.

Kuhusu mafuta nitagombana na watu. Oili chafu ya gari ni ya bure na kila fundi anayo, lakini ina vumbi la chuma ndani yake na inanasa mchanga. Kwenye njia za udongo inakuwa msasa. Osha cheni kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, weka oili safi tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha, kisha futa nje mpaka kitambaa kisichukue weusi. Kufuta ndiko watu wanakoruka.

Breki zinalia, zinachelewa, au lava (mkono wa breki) inagusa usukani

Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka kama mita 1,000, na mashine hii inapenda kushuka. Mwili umelala, upepo hauna cha kushika. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliivunja rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja akiwa amelala kwenye baiskeli ya Charles Mochet, kilomita 45.055, na mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kikazitoa baiskeli za kulala katika mashindano yake. Lakini yeye alikuwa kwenye uwanja wa mbio, hapakuwa na Fuso la kabichi mbele yake.

Breki za raba zinazobana rimu zikilowa hazishiki mzunguko wa kwanza. Zinafuta maji kwanza, ndipo zinashika. Zibane kidogo mapema kabla ya kona ili ziwe zimeshafuta. Zikikwaruza kama sufuria inasuguliwa, simama. Toa raba uitazame kwenye mwanga: utaona vipande vidogo vinavyong'aa vimejichimbia ndani. Hiyo ni alumini ya rimu yako, pamoja na mchanga. Vitoe kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, sugua uso wa raba kwa msasa. Usipofanya hivyo mvua mbili tatu zitakula rimu mpaka uhisi mfereji ukipitisha kucha. Rimu ya mbele ndiyo ya kuangalia zaidi: ni ndogo, inazunguka mara nyingi na kupata moto haraka.

Wenye breki za diski, lava ikianza kusogea karibu na usukani katikati ya safari, msifikirie waya tu. Pedi laini zinaweza kuisha kwa siku moja ya matope. Zenye unga wa chuma zinapiga kelele lakini zinadumu, na milimani nachagua kelele. Breki ikilia na haishiki hata ikikauka, mafuta ya cheni yamefika kwenye diski. Safisha diski kwa spiriti. Pedi iliyokunywa mafuta mara nyingi haiponi.

Baiskeli hii haikurushi kichwa mbele kirahisi kama ile ya kawaida, kwa sababu umekaa chini. Usidanganyike. Kinachotokea badala yake ni tairi la mbele kukimbia pembeni kwenye matope au kwenye mizizi, na ukishaanza kuanguka huna nafasi ya kujirekebisha. Mizizi na kingo za kalavati zivuke zikiwa zimekukalia msalaba, usukani umenyooka, breki umeziachia.

Sioni, na sionekani

Ukiegemea, mvua inakunyeshea usoni. Kofia yenye ukingo wa mbele inafaa kuliko miwani, ambayo mlimani inajaa ukungu. Matope machoni yanatoka kwenye tairi lako mwenyewe la mbele, kwa hiyo madigadi iteremke chini kabisa, ongezea kipande cha mpira. Bendera ndefu nyuma, taa ziwake hata mchana. Ukungu wa jioni ukishuka Magamba mimi silazimishi, natafuta chai.

Koti la mvua la kawaida linatengeneza bwawa mapajani. Refusha kwa mbele, au tumia lile la kujifunika lote. Siti ya sponji ikilowa itabaki mbichi siku mbili, ya wavu inakauka ukiwa njiani.

Goti linauma

Maumivu mbele ya goti: pedeli ziko karibu mno au gia ni nzito. Nyuma ya goti: ziko mbali mno. Sogeza nusu sentimita kwa siku, na kumbuka ukisogeza pedeli mbele cheni nayo inahitaji viungo zaidi. Funika magoti, maana yako mbele yanapokea upepo na maji kabla ya kitu kingine chochote.

Baiskeli imekuwa nzito bila sababu

Hili lilinichukua mwezi. Nilikagua beringi, breki, tairi, nikalaumu umri. Siku moja nikaibeba kupanda ngazi nikasikia chwa, chwa, ndani ya fremu. Bomba linaloshika pedeli linaingia ndani ya bomba kubwa kama droo, na maji yanapita kwenye upenyo ule. Weka alama kwa kalamu mahali lilipofikia, legeza bolti mbili, livute nje, inamisha fremu. Yangu ilitoa kikombe kizima cha maji ya rangi ya chai, na nyuma yake mchwa watatu waliokufa. Paka grisi, rudisha kwenye alama, zungushia utepe wa tyubu pale kwenye maungio.